Usalama wa Mgonjwa Hospitalini: Maandalizi Kwanza, Mabadiliko Baadaye

Mwaka 2018 Wakenya walishtushwa na habari kwamba katika hospitali moja ya rufaa nchini, mgonjwa alikuwa amefanyiwa upasuaji wa kichwa usiomhusu. Wagonjwa walikuwa wawili. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo, na mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Utambulisho wao ulichanganywa, na madaktari waligundua kosa wakiwa tayari wamefungua fuvu, walipokosa damu waliyotarajia kuitoa.

Mgonjwa wa upasuaji hupitia mikono mingi kabla ya kufika mezani: karani wa rekodi, muuguzi wa wodi, msukuma kitanda, mtaalamu wa dawa ya usingizi, daktari. Kila mmoja anapoamini kwamba aliyemtangulia amekwisha kuhakikisha, kosa la kwanza hupita milango yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mgonjwa 1 kati ya 10 hupata madhara yatokanayo na huduma yenyewe, na kwamba nusu ya madhara hayo yangeweza kuzuiwa.

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuzifanya salama zaidi linamgusa kila mkazi.

Orodha ya maswali 19

Mojawapo ya mabadiliko yanayojulikana sana ni orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Ina mambo 19, na huwataka wahudumu wasimame mara tatu: kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumba cha upasuaji. Huuliza mambo ya kawaida. Je, huyu ndiye mgonjwa mwenyewe? Ni sehemu gani ya mwili inayopasuliwa? Kuna dawa inayomdhuru? Vifaa na pamba vimehesabiwa vyote?

Orodha hiyo ilijaribiwa kati ya mwaka 2007 na 2008 katika hospitali 8 za nchi mbalimbali, ikiwemo ya Ifakara nchini Tanzania. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Orodha ile ile, matokeo tofauti

Nchi nyingi ziliichukua orodha hiyo. Katika jimbo la Ontario, Kanada, hospitali zilitakiwa kutoa ripoti kwa umma kuhusu matumizi yake. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu hospitali 101 za jimbo hilo haukuona upungufu wa maana wa vifo wala matatizo, ingawa hospitali ziliripoti kwamba orodha ilikuwa ikijazwa karibu kila mara.

Sehemu ya jibu ilikuwa imeonekana katika hospitali 5 za jimbo la Washington, Marekani. Pale ambapo viongozi waliwaeleza wafanyakazi kwa nini orodha inahitajika na kuwaonyesha jinsi ya kuitumia, ilishika mizizi. Pale ambapo ililetwa kama amri tu, wafanyakazi walikereka na hatimaye wakaiacha. Kutia alama kwenye karatasi si sawa na kusimama na kuuliza.

Hospitali huandaliwaje?

Kwanza, hujua tatizo lake. Makosa, na hata yale yaliyokaribia kutokea, huandikwa na kujadiliwa ili njia ya kosa ijulikane. Mahali ambapo anayeripoti huadhibiwa, ripoti hukoma lakini makosa huendelea.

Pili, wote wanaohusika huitwa mezani, si madaktari pekee. Msafishaji na msukuma kitanda huona mambo ambayo wakuu hawayaoni. Muuguzi mdogo naye hupewa idhini ya wazi ya kusema "tusimame kidogo" hata mbele ya daktari bingwa. Bila idhini hiyo, orodha ni mapambo.

Tatu, vifaa hutangulia. Orodha ya upasuaji huuliza kama kifaa cha kupima oksijeni mwilini kimefungwa na kinafanya kazi. Pasipo kifaa hicho, mhudumu atalazimika ama kusimamisha kazi au kuandika uongo.

Nne, mabadiliko huanzia mahali padogo, pengine wodi moja au chumba kimoja cha upasuaji. Kasoro hurekebishwa hapo kabla ya hospitali nzima kufuata.

Tano, matokeo hupimwa na kurudishwa kwa wafanyakazi. Mtu anayeona kazi yake imepunguza makosa haihitaji amri nyingine ili aendelee.

Hatua hizi huchukua muda. Mwanzoni foleni inaweza kusonga polepole kidogo, kwa sababu wahudumu wanajifunza utaratibu mpya huku kazi ikiendelea.

Nafasi ya mkazi

Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka 2013 unampa mgonjwa haki ya kuelezwa kuhusu matibabu yake na haki ya kulalamika. Unampa pia wajibu wa kutoa habari za kweli kuhusu afya yake.

Hivyo basi, mgonjwa anayeulizwa jina lake mara tatu na watu watatu asiudhike. Huo ndio ulinzi wake. Ataje majina yake yote, aseme dawa anazotumia na zile zinazomdhuru, na ahakikishe ukanda wa mkononi una jina lake sahihi. Mgonjwa asiyeweza kuzungumza ahakikishiwe hayo na jamaa yake. Na kama kabla ya upasuaji hakuna aliyemuuliza lolote, ana haki ya kuuliza yeye: je, mnajua mimi ni nani na mnanifanyia nini?