Faida Inayokwenda kwa Mbuzi

Mwenye duka wa Chanika, mjini Handeni, akipata faida msimu wa mavuno, mara nyingi haongezi bidhaa. Hununua mbuzi, humlipia ada mtoto wa dada yake, hukodi ekari nyingine ya mahindi. Afisa mikopo akilitazama daftari lake husema mtaji umetawanyika na mwenyewe hana nia ya kukua. Hukumu hiyo naiona ya haraka mno.

Imetokana na fikra za zamani. Mwaka 1961 mwanasaikolojia Mmarekani David McClelland, katika kitabu chake The Achieving Society, alieleza kwamba uchumi husukumwa na watu wenye kiu ya mafanikio, wanaojiwekea kiwango na kukihangaikia. Aliamini kiu hiyo inafundishika, na miaka ya 1960 aliwafundisha wafanyabiashara wa Kakinada, India. Hakukosea. Jaribio la Lomé, Togo, lililochapishwa mwaka 2017, liliwahusisha wafanyabiashara wadogo 1,500. Waliofunzwa kujituma na kuwahi fursa kabla ya wenzao, faida yao ilipanda kwa asilimia 30. Mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko hayakuleta ongezeko la uhakika.

Lakini bidii haimwambii mtu aelekee wapi. Hapo ndipo maadili yanapoingia, yaani mambo ambayo mtu anayaona yana thamani kuliko mengine. Mwaka 1992 mwanasaikolojia Shalom Schwartz aliyapanga katika makundi kumi, yakiwemo mafanikio, usalama, mila, uhuru wa kujiamulia, na kuwajali walio karibu. Alionyesha pia kwamba baadhi huvutana: anayetanguliza mafanikio yake binafsi atabanwa na wajibu kwa ndugu.

Katika wilaya za Handeni na jirani yake Korogwe, usalama una uzito mkubwa, na sababu zake zinajulikana. Mvua za Handeni haziaminiki. Mwaka ukikauka, aliyeweka kila kitu dukani hubaki na rafu zilizojaa na wateja wasio na fedha. Korogwe nayo iliishi kwa mkonge. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani zipatazo 230,000. Kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi sehemu ndogo tu ya kiasi hicho, baada ya kamba za plastiki kuteka soko na mashamba kudorora. Familia za manamba, yaani vibarua wa mashamba hayo, zilizotegemea mshahara wa shamba moja ziliona kwa macho yao hatari ya kutegemea kitu kimoja. Kwa hiyo mbuzi ni bima, na ada ya mpwa nayo ni bima, kwa sababu kesho mpwa huyo ndiye atakayemwinua mjomba.

Uaminifu nao ni mtaji. Muuza nguo wa Korogwe huchukua mzigo kwa mali kauli, auze kwanza ndipo alipe. Hakuna hati wala dhamana. Kuna jina lake tu, na jina la nyumba aliyotoka. Anayekataa kumkopesha jirani unga huokoa shilingi chache, lakini jina lake linaharibika.

Maadili huamua pia mtu akope wapi. Mikopo ya halmashauri, ile ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ina sifa moja kubwa: haina riba. Waislamu ni wengi huku, na wapo wanaoikwepa benki kwa sababu ya riba tu. Udhaifu wake ni kikundi. Mama anayetaka kusomesha watoto, mwenzake anayetaka kumiliki bodaboda yake na mwingine anayetaka heshima ya kuwa na duka huandikwa kwenye andiko moja la mradi wa kuku, kisha tunashangaa kuku wakifa na kikundi kuvunjika.

Kabla ya kuomba mchanganuo wa mradi, afisa maendeleo ya jamii amuulize kila mwombaji, akiwa peke yake, fedha hiyo anataka imfikishe wapi. Anayetafuta usalama apangiwe marejesho baada ya mavuno. Mwenye kiu ya kukua apewe mafunzo kama yale ya Lomé, na aruhusiwe kukopa bila kufungwa na wenzake wanaoelekea kwingine.