Je, Wajua? Umbo la Kaa na Uduvi Ndilo Linaloamua Mwendo Wao

Kaa wa mito ya Uganda, wa jenasi Potamonautes, huenda upande kwa sababu ya umbo lake. Mwili wake ni mpana na mfupi, na maungio makuu ya miguu yake hukunjika kuelekea nje na ndani, si mbele na nyuma. Ana jozi 5 za miguu: ya kwanza ni magando ya kukamatia na kujihami, 4 zilizobaki ni za kutembelea. Fumbatio limekunjwa chini ya kifua. Hapo jike hubeba mayai na hata watoto, ambao huanguliwa wakiwa tayari na umbo la kaa.

Uduvi wa Ziwa Viktoria, Caridina nilotica, hunaswa pamoja na mukene, dagaa wanaoliwa Kasubi na Kampala nzima. Fumbatio lake ni refu, lenye vijiguu vya kuogelea. Akishtuka hulikunja ghafla, na mkia uliotanuka kama upepeo humrusha kinyumenyume.

Gamba halikui, hivyo wote wawili hulivua, wakabaki laini kwa muda.

Gamba la kaa lina wageni pia, jambo linalostahili kujulikana zaidi. Mwaka 1950 ilitangazwa kwamba mabuu ya inzi mweusi Simulium neavei hukua yakiwa yamejishikiza kwenye miili ya kaa wa mitoni. Inzi huyo hueneza usubi, ugonjwa unaopofusha. Ndiyo maana wataalamu wa afya nchini Uganda hukamata kaa na kuwakagua.