Hofu Ndani ya Neno la Latimer

Ugsome ni neno ambalo Waingereza wengi wa leo hawalijui. Kamusi zao huliweka kati ya maneno ya kale na kulitafsiri kwa ufupi: la kuchukiza, la kutia kinyaa. Kilichonishangaza ni asili yake. Limetokana na ugga, kitenzi cha lugha ya kale ya Skandinavia chenye maana ya kuogopa. Ugly, tunalofundishwa shuleni kuwa ni mbaya wa sura, ni ndugu yake. Kumbe hofu ilitangulia, kinyaa kikafuata.

Aliyelitumia kwa uzito wake wote ni mhubiri Hugh Latimer, mtoto wa mkulima wa Thurcaston, Leicestershire, eneo lililowahi kushikwa na Wadenmaki, wasemaji wa lugha hiyo ya kale. Ijumaa Kuu ya mwaka 1549 alihubiri mbele ya Mfalme Edward wa Sita, mvulana wa miaka 11. Alikaa sana kwenye habari ya Gethsemane, bustani alimoomba Yesu kabla ya kukamatwa. Alimwonyesha Yesu akitokwa jasho, akimlilia Baba yake, akirudi kwa wanafunzi kutafuta faraja na kuwakuta wamelala, kisha akirudi tena kuomba. Hakuona aibu kusema wazi kwamba Mwana wa Mungu aliogopa. Alipotafuta jina la hofu ile, aliliweka ugsomeness, nomino ya ugsome, bega kwa bega na horror lenye asili ya Kilatini, akafundisha kwamba kitisho cha kifo kinauma kuliko kifo chenyewe.

Hapo hakuna kinyaa cha kuziba pua. Kuna mwili mzima unaokataa kusogea. Latimer hakuwa akipamba mahubiri. Katika siku za mwisho za Mfalme Henry wa Nane alikuwa amefungwa katika Mnara wa London, na aliyajua mashaka ya mtu anayengoja hukumu.

Tarehe 16 Oktoba 1555, chini ya Malkia Mary, alichomwa moto Oxford kwa imani yake ya Kiprotestanti, pamoja na Askofu Nicholas Ridley. John Foxe, mwandishi wa habari za wafia dini wa Kiprotestanti, anasimulia kwamba Latimer alikufa upesi, huku Ridley akiteseka muda mrefu kwa sababu moto wake ulipangwa vibaya. Foxe alikuwa upande wao, na ujasiri ndio aliotaka uonekane. Je, ile hofu aliyomhubiria mfalme mtoto ilimjia mzee huyu usiku wa kuamkia siku hiyo? Alikuwa na nani wa kumwamsha?