Oksijeni na Macho ya Watoto Njiti

Mtoto njiti huzaliwa kabla mishipa ya damu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga, haijamaliza kukua. Mishipa hiyo huanza kuchipuka karibu na wiki ya 16 ya mimba, nayo hufika ukingoni mtoto akaribiapo kutimiza miezi yake.

Mwaka 1942 daktari Theodore Terry wa Boston, Marekani, alieleza upofu uliowapata watoto wa namna hiyo. Hadi mwaka 1953 wapatao 10,000 walikuwa wamepofuka duniani. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne, Australia, alishuku oksijeni waliyopewa kwa wingi. Majaribio yaliyofanywa Marekani yakathibitisha shaka hiyo. Oksijeni ikizidi, mishipa hukoma kukua. Baadaye huota mingine ovyo, ikaivuta retina hata ikabanduka.

Basi oksijeni ikapunguzwa, na upofu ukapungua. Lakini ubongo mchanga, ambao retina ni chipukizi lake, huumia ukiikosa. Mwaka 1973 Cross wa Uingereza alikadiria kwamba kwa kila mtoto aliyenusurika upofu, wapatao 16 walikufa.

Siku hizi oksijeni iliyomo katika damu hupimwa wakati wote, isizidi wala isipungue. Hata hivyo kipimo pekee hakitoshi: macho ya njiti hayana budi kuchunguzwa na daktari katika wiki za kwanza, kwani ugonjwa ukigunduliwa mapema hutibika kwa mwanga wa leza.