Tuwafungulie Mabinti Lango la Uwanja

Mama msomaji, binti yako alicheza lini mara ya mwisho? Hatuulizi habari za kuruka kamba alipokuwa darasa la pili. Tunauliza sasa, akiwa na miaka 12. Kaka yake akirudi kutoka shule huweka madaftari na kukimbilia mpirani. Yeye anasubiriwa na vyombo, ndoo ya maji na mdogo wake wa kubeba mgongoni. Kwake michezo imekwisha kabla ya utoto kwisha.

Hapa Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, ipo klabu ya Gymkhana, inayojulikana zaidi kwa gofu. Jina hilo lilitoka India, na Waingereza wakalieneza katika makoloni yao. Enzi hizo klabu za namna hiyo zilikuwa za wakubwa. Mwafrika aliingia kama mtumishi au kuokota mipira. Wakoloni waliondoka, lakini woga wa lile lango umebaki. Tukisikia gofu au tenisi tunasema, "Hiyo ni michezo ya wenye magari."

Hebu tumtazame Angella Okutoyi wa Kenya. Mama yake alifariki wakati wa kumzaa yeye na pacha wake, mwaka 2004. Walilelewa na bibi yao, aliyekuwa mfanya usafi katika shule moja ya Nairobi. Mwaka 2022 Angella alishinda mashindano ya wasichana wawili wawili ya Wimbledon, Uingereza, akicheza pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Hakuna Mkenya aliyewahi kupata ushindi wa namna hiyo kabla yake. Mwezi Machi 2024 alipata medali ya dhahabu katika Michezo ya Afrika huko Accra. Bibi yule hakuwa na mali. Alikubali mjukuu wake acheze, na hilo kila mmoja wetu analiweza.

Tuanzie wapi?

Uwanja kamili wa tenisi una urefu wa mita 23.77, na mtoto mdogo huchoka na kukata tamaa humo. Kwa sababu hiyo, mwaka 2007 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa lilianzisha mpango wa kuwafundisha wanaoanza kwa mipira ya polepole. Mpira mwekundu ndio wa polepole kuliko yote, kisha wa rangi ya chungwa, kisha wa kijani. Uwanja wa mpira mwekundu una urefu wa mita 11 tu, na wavu wake sentimita 80. Eneo kama hilo linapatikana katika kiwanja cha shule au cha kanisa. Tuchore mistari kwa chokaa na kufunga kamba kati ya miti miwili. Fundi seremala anaweza kuchonga vibao vya kupigia wakati raketi zikitafutwa.

Kisha twende klabuni, tusiende mmoja mmoja bali kama kikundi. Tuuombe uongozi saa chache za alasiri, siku za kazi, wakati wanachama wengi wako ofisini. Nasi tusiende mikono mitupu. Tujitolee kufagia uwanja, kupika uji wa watoto na kuchangia posho ya mwalimu.

Tumjue mwalimu

Kocha mzuri hatukani wala hapigi. Husifu juhudi, si ushindi tu. Tuulize amejifunza wapi na amefundisha nani. Tuweke kanuni mapema: mazoezi yafanyike mahali pa wazi, mama mmoja awepo kila siku kwa zamu, na mtoto asisindikizwe na kocha peke yake. Mwalimu mwaminifu hatachukizwa na kanuni hizo. Zinamlinda hata yeye.

Na vile vyombo? Kaka yake ana mikono. Wagawane kazi, huyu leo na yule kesho. Baba naye aelezwe mapema, asije akasikia habari za raketi kwa jirani.

Si kila binti atafika Wimbledon, wala hatumpeleki kwa ajili hiyo. Atajifunza kushindwa bila kulia na kushinda bila kudharau, na mwili wake utapata nguvu. Akina mama, juma hili tukutane watatu au wanne, tupange siku ya kwenda kubisha hodi langoni.