Oa na Olewa: Mahali pa Kuanzia Utafiti wa Jinsia katika Kiswahili

Nia ya makala haya ni kuonyesha mahali pa kuanzia mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuchunguza jinsia na utamaduni katika Kiswahili. Nadharia hazitaguswa sana, kwani vitabu vyake si haba. Tatizo letu ni kwamba wanafunzi wengi huanza na nadharia, kisha hutafuta utenzi wa kuishuhudia. Mwandishi wa makala haya alikuwa mmoja wao. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, tuliusoma Utendi wa Mwana Kupona kwa tafsiri ya Kiingereza iliyochapishwa mwaka 1934 na Alice Werner na William Hichens, ambayo jina lake lenyewe limekwisha kuamua kwamba habari ni wajibu wa mke. Niliandika kurasa nyingi juu ya utiifu. Hakuna aliyeniuliza Kiswahili chasemaje, na aibu ni kwamba nami sikujiuliza.

Yafaa tukumbuke kwamba Mwana Kupona aliutunga utenzi huo mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyepigana na dola ya Busaidi ya Unguja, alikuwa amefariki mwaka 1856. Mama anamwusia binti amtunze mume kama mtoto mdogo asiyejua kusema. Je, mwenye kutunzwa namna hiyo ndiye mwenye amri? Ann Biersteker, mwaka 1991, aliutazama upya utenzi huu na kuonyesha kwamba waweza kusomwa kwa kinaya. Mtu aweza kukubali au kukataa. Lakini hawezi kuingia katika mjadala huo asipousoma katika Kiamu chake.

Twende kwenye sarufi. Kiswahili hakina viwakilishi vya kiume na vya kike. 'Yeye' ni mmoja, na ngeli zetu hazimtengi mwanamke na mwanamume. Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí alipotoa hoja, mwaka 1997, kwamba jamii ya Wayoruba wa kale haikupangwa kwa misingi ya jinsia, mojawapo ya nguzo zake ilikuwa lugha isiyo na mgawanyo huo. Mwanafunzi wetu huvutwa mara moja kuihamishia hoja hiyo pwani. Asifanye haraka. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa: jinsia imejificha katika mnyambuliko wa kitenzi. Mwanamume akihamia kwa mkewe na kulishwa naye, watu husema kwa dhihaka kwamba 'ameolewa', na dhihaka hiyo peke yake yatosha kuwa sura nzima ya tasnifu. Mkono wa kulia nao huitwa wa kuume, na wa kushoto wa kuke. Mtafsiri wa Kiingereza ana kitenzi kimoja cha ndoa kwa wote wawili, hivyo tofauti hiyo humpotea. Badala yake hulazimika kumfanya mpenzi wa shairi awe mwanamume au mwanamke mahali ambapo mtunzi hakusema.

Neno 'shoga' ni mfano mwingine. Mwanamke akimwita mwenzake hivyo, ni rafiki. Likisemwa juu ya mwanamume huwa na maana nyingine, tena mara nyingi ya kutweza. Gill Shepherd, katika utafiti wake juu ya Mombasa uliochapishwa mwaka 1987, alishikilia kwamba mahusiano ya watu wa jinsia moja mjini humo hayaelezeki pasipo kuangalia cheo na mali. Kamusi haitamfikisha mtu huko. Ni lazima asikilize nani amwambia nani.

Limebaki jambo gumu kuliko yote. Mafunzo ya unyago hutolewa na kungwi kwa mwari, na mwari huaswa asiyatoe nje. Mwanafunzi aliyechezwa huyajua. Tasnifu yake, hata hivyo, itawekwa katika rafu ya maktaba isomwe na yeyote, wanaume wakiwamo. Nimewahi kumsimamia mmoja aliyeniletea sura ya nyimbo hizo, kisha akaja juma lililofuata kuomba airudishe. Mtahini mmoja alilalamika kwamba data zimepungua. Mimi niliipitisha kazi bila nyimbo zile; mahali pake mwanafunzi aliandika ni nani huruhusiwa kumwimbia nani, lini, na mbele ya nani.