Tanzania: Mwanasesere afundishaye kumpa mtoto mchanga pumzi

Mtoto anapozaliwa bila kupumua, mhudumu ana takriban dakika moja ya kumsaidia. Wataalamu huiita dakika ya dhahabu. Mtoto hukaushwa na kusuguliwa mgongo. Asipopumua, hupulizwa hewa kwa barakoa iliyofungwa kwenye mfuko wa kubinywa kwa mkono. Kazi hii haifai kujaribiwa kwa mara ya kwanza juu ya mtoto wa mtu.

Ndiyo sababu katika nchi jirani ya Tanzania wakunga na matabibu hujizoeza kwa mwanasesere. Tabibu, ambaye kazi yake yakaribiana na ya daktari msaidizi wa Marekani, husomea stashahada ya miaka 3, na huenda akapangiwa kituo kisicho na daktari.

Mwanasesere huyo hujazwa maji ili awe na uzito kama wa kichanga. Mkufunzi hubinya vipira vyenye mirija, na mapigo ya kitovu yakasikika. Mwanafunzi akiishika barakoa vibaya, kifua hakiinuki.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilianza kwa kozi ya siku moja mwaka 2010. Matokeo yalishangaza: wahudumu walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini huduma yao kwa watoto halisi haikuboreka. Hospitali ikabadili utaratibu mwaka uliofuata. Mazoezi yakawa ya dakika chache tu, lakini ya mara kwa mara, tena papo hapo kazini, pamoja na marudio marefu zaidi kila mwezi. Vifo katika saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Kulinganisha kabla na baada hakuthibitishi kila kitu, ila tofauti hiyo si ya kupuuzwa. Chombo kilikuwa kilekile. Kilichobadilika ni ratiba.

Mpango mkubwa zaidi ulifuata katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025. Watoto waliofia tumboni wakati wa uchungu au waliofariki ndani ya saa 24 walipungua kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Katika kila kituo, baadhi ya wahudumu waliandaliwa kuwa wasimamizi, wenye jukumu la kuhakikisha wenzao hawaachi mazoezi.